Zilizala na Nyumba Tuzijengazo

Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, ilipokuwa saa tisa na dakika 27 alasiri, wakati ambapo watu wengi wa Bukoba wamekwisha kula ndizi zao za mchana na mwenye kujinyoosha amejinyoosha, ardhi ilinguruma, ikatikisika, kisha ikatulia. Na katika kitambo hicho, ambacho mtu asingeweza hata kufunga mlango na kuchukua watoto, nyumba kwa mamia zilianguka, nyingine kwa maelfu zikapasuka, watu 17 wakapoteza roho zao na zaidi ya 400 wakajeruhiwa. Shule kongwe ya Ihungo ilibomoka hata ikafungwa, na Nyakato ikapatwa na yayo hayo. Na kama isingekuwa siku ya mapumziko kwa shule nyingi, hesabu ya misiba ingekuwa nyingine kabisa. Kipimo cha tetemeko lile kilikuwa 5.9. Wajapani na Wachile, waliozoea mambo haya tangu utotoni, kwa tetemeko la kiasi hicho wangeinua vichwa, wangetazama taa inavyoning'inia na kuyumba, na aghalabu wangeendelea na shughuli zao.

Sasa ilinganishwe siku ile na nyingine iliyo nyuma yake kwa miaka mia moja na zaidi. Tarehe 13 Desemba 1910, nchi ikiwa bado mkononi mwa Wajerumani, lilitokea upande wa Rukwa na kusini mwa Ziwa Tanganyika tetemeko ambalo wataalamu, wakisoma karatasi za mitambo iliyolinasa toka mbali, wamelikadiria kuwa 7.4 au karibu yake. Nalo ndilo kubwa kuliko yote yaliyopimwa Afrika Mashariki katika karne ya ishirini. Nguvu iliyofunguka siku ile ilizidi ile ya Bukoba zaidi ya mara mia moja. Lakini zilizala ya Rukwa, pamoja na ukubwa wake huo, haihesabiwi katika misiba mikubwa ya vifo, na wengi wa wajukuu wa watu wa zama zile hawajapata kuisikia. Basi ukubwa wa zilizala ni jambo moja na ukubwa wa msiba ni jambo jingine, na mwenye kuyachanganya hayo mawili hupotea njia kabla hajaanza safari. Sababu ya kwanza imo chini ya ardhi, kwenye kina asichofika mtu; sababu ya pili i juu ya ardhi, na sehemu yake kubwa imejengwa kwa mikono yetu.

Watu wa kale hawakukaa kimya juu ya sababu ya kwanza. Pwani yetu ilienea hadithi ya ng'ombe aichukuaye dunia juu ya pembe yake, naye akichoka huihamishia pembe ya pili, na hapo ndipo ulimwengu hutikisika. Waganda walimjua Musisi, na jina lake hata leo ndilo neno lao la tetemeko. Wajapani walimtaja kambare mkubwa alalaye chini ya visiwa vyao. Wenye falsafa walichukua njia nyingine: Aristotle, na baada yake Ibn Sina katika kitabu chake cha Shifaa, waliona kwamba ni pepo na mivuke iliyofungiwa ndani ya ardhi inayotafuta pa kutokea. Naye Imamu Suyuti wa Misri aliandika kitabu kizima kukusanya habari za zilizala zilizotokea katika nchi za Kiislamu, mwaka baada ya mwaka, na kazi hiyo wachunguzi wa leo wanaifungua kwa shukurani, kwa maana mitambo yao haina umri wa kufika huko. Sizitaji habari hizi ili zichekwe. Hata yule ng'ombe wa pwani ana jambo alilolipatia: kwamba mtikisiko hutokana na mzigo uliobebwa muda mrefu mpaka mbebaji akashindwa, na hilo, ukiondoa pembe na kwato, haliko mbali na lisemwalo na ilimu ya sasa.

Ilimu hiyo ilipata msingi wake baada ya mji wa San Francisco kuharibika mwezi wa Aprili 1906. Mmarekani Harry Fielding Reid alipolinganisha vipimo vya ardhi vilivyochukuliwa kabla na baada ya siku ile, aliona kwamba pande mbili za ufa mkubwa wa California zilikuwa zikipindana polepole kwa miaka mingi, huku zimeshikana kwa ukali wa miamba, mpaka siku ushikaji uliposhindwa zikafyatuka kwa mara moja na kurudi katika unyofu wake. Kila aliyepata kusaidia kujenga nyumba ya fito analijua jambo hili bila kufundishwa: ufito hupindwa, ukatii, ukazidi kupindwa, ukatii tena, kisha ukimponyoka fundi au ukivunjika, humchapa mkono kwa nguvu zile zile alizokuwa akiutia kidogo kidogo. Mwamba, pamoja na ugumu wake wote, ni ufito wa miaka mia au elfu.

Na anayeupinda mwamba ni nani? Gamba la dunia si kitu kimoja kama kaka la yai zima, bali limegawanyika katika mabamba makubwa na madogo, yakaayo juu ya tabaka la miamba yenye joto kali iendayo kwa taratibu mno, na kila bamba lina mwendo wake. Mjerumani Alfred Wegener alipotangaza mwaka 1912 kwamba mabara huhama, wanavyuoni wengi walimkataa, na alikufa katika barafu za Greenland mwaka 1930 kabla ya kuhakikishwa. Miaka ya sitini ndipo uchunguzi wa sakafu ya bahari ulipomtoa katika aibu. Penye mabamba yanayogongana, na jingine kuzamishwa chini ya mwenziwe, kama izungukavyo Bahari ya Pasifiki, ndipo yatokapo matetemeko ya kutisha kupita yote, mathalani lile la Chile la 1960, lililofika 9.5, na hakuna lililopimwa likalizidi. Huko sina haja ya kukaa sana, kwa sababu kwetu mabamba hayagongani. Kwetu yanaachana.

Bonde la Ufa, ambalo jina lake la kitaalamu alilitia Mwingereza John Walter Gregory baada ya safari yake ya 1893, ni mahali ambapo Afrika inajitenga na nafsi yake. Upande wa mashariki wa bara, pamoja na pwani yetu na visiwa vyake, unasogea kuelekea baharini. Upande wa magharibi unabaki. Mwanya wenyewe una matawi mawili: la mashariki lishukalo toka Uhabeshi kwa njia ya Turkana, Naivasha, Natron na Manyara, na la magharibi lililojaa maziwa yenye kina, Albert, Kivu, Tanganyika, Rukwa na Nyasa. Baina ya matawi hayo limo pande kubwa la miamba ya kale mno, lenye Ziwa Victoria mgongoni mwake, nalo, kwa vipimo vya setilaiti, linajizungusha polepole kinyume cha mwendo wa mishale ya saa, kama jiwe la kusagia lililolegea kati ya meno mawili. Bukoba iko juu ya pande hilo, si ndani ya bonde lenyewe. Ndiyo maana wengi walidhani kwamba habari za ufa haziwahusu.

Mwendo wa kuachana huku ni milimita chache kwa mwaka, saba hivi huko Uhabeshi na pungufu yake kila ushukapo kusini. Yaani kwa mwaka mzima bara letu halifunguki hata upana wa punje ya mhindi, na kwa karne nzima, kwa sehemu nyingi, halifiki dhiraa moja na nusu. Kwa sababu ya uchache huo mzigo hukusanyika kwa kitambo kirefu, na matetemeko makubwa huja kwa nadra, nayo nadra hiyo, kwa maoni yangu, ndiyo hatari yetu kubwa: Mjapani hukumbushwa kila mwezi, lakini sisi babu huona, baba husimuliwa, mjukuu husahau. Kuna jambo jingine tena la nchi zetu. Miamba ya tawi la magharibi ni mikongwe na baridi, hivyo huweza kuvunjika hata chini sana, kilometa 30 au 40, na mtikisiko utokao kina hicho huenea mbali. Lile la Bukoba lilianzia huko chini, likasikika Uganda, Rwanda na hata Kenya.

Si kila mara ufa hufunguka kwa kuvunjika mwamba tu. Mwezi wa Septemba 2005, katika jangwa la Afar, uji wa moto wa ardhini ulijipenyeza katika mpasuko wenye urefu wa kilometa 60 hivi, ukasukuma kingo zake zikaachana hata mita nane mahali pengine, kazi ambayo kwa mwendo wa kawaida ingetaka karne nyingi. Mwezi wa Julai 2007 matetemeko yalifuatana kwa siku nyingi karibu na Ziwa Natron, watu wa Nairobi wakatoka mbio katika majengo marefu, na baadaye mwaka ule Ol Doinyo Lengai, mlima wa Mungu wa Wamasai, ukalipuka. Na watu wa Goma na Gisenyi, baada ya Nyiragongo kumwaga moto wake tarehe 22 Mei 2021, waliishi siku kadhaa juu ya ardhi isiyotulia, nyufa zikipita katikati ya barabara.

Mwanadamu pia ana sehemu yake, ingawa ndogo. Uzito wa maji yakusanywayo nyuma ya bwawa, na kupenya kwake katika nyufa za chini, huweza kuamsha mwamba uliokuwa karibu na kushindwa: Kariba ilitikisika mwaka 1963 baada ya ziwa lake kujaa, na Koyna huko India, Desemba 1967, ililipia jambo hilo kwa roho za watu.

Nikatize hapa niseme neno juu ya vipimo, kwa maana magazeti huvitumia kwa kuvuruga. Kipimo alichokianzisha Charles Richter mwaka 1935, na vile vilivyokirithi, hueleza nguvu iliyotoka kwenye asili ya tetemeko; nayo ni namba moja tu kwa tetemeko moja, na kila ikipanda daraja moja nguvu huzidi mara 32 hivi. Kipimo cha Mercalli ni kingine: hicho hueleza mtikisiko ulivyofanya mahali fulani, kwa ukuta fulani, kwa mtu fulani. Sauti ya mwadhini ni moja, lakini aliye chini ya mnara huisikia ikimtikisa kifua, na aliye shamba huisikia kama nong'ono. Mtu akiuliza, “Tetemeko lilikuwa na ukubwa gani?” ajibiwe kwa namba ya kwanza, akiuliza, “Lilitufanya nini?” namba hiyo haimtoshi.

Maana toka kwenye asili yake mtikisiko husafiri kwa mawimbi. Ya kwanza, yaendayo kilometa sita hivi kwa nukta moja, husukuma na kuvuta, nayo ndiyo ngurumo na mshituko mdogo ambao mbwa na kuku huutambua kabla yetu. Ya pili huja nyuma kwa mwendo wa karibu nusu yake, yakitikisa kwa ubavu, na hayo ndiyo yavunjayo. Yakifika kwenye jabali hupita; yakifika kwenye udongo laini, uliojazwa na mito au uliokuwa zamani sakafu ya ziwa, hupunguza mwendo na kuongeza kimo, kama wimbi la bahari likaribiapo ufukwe. Mji wa Mexico, uliojengwa juu ya ziwa lililokaushwa, uliangamizwa tarehe 19 Septemba 1985 na tetemeko lililoanzia zaidi ya kilometa 350 mbali nao, huku miji iliyokuwa karibu zaidi lakini juu ya mwamba ikiumia kidogo. Na mchanga uliojaa maji huweza hata kusahau kwamba ni ardhi: huko Niigata, Japani, mwaka 1964, majengo mazima ya ghorofa yalilala chali bila kuvunjika, kwa kuwa ardhi iliyoyabeba iligeuka uji.

Baada ya mtikisiko hufuata matokeo ya matokeo. Mwaka 1923 tetemeko liliikuta Tokyo karibu na adhuhuri, majiko yakiwaka kwa chakula cha mchana, na moto ukaua kuliko kuta. Watu zaidi ya 100,000 walikufa. Milima huteremka juu ya vijiji. Bahari nayo huinuka, na hapa pwani yetu ilipata somo lake tarehe 26 Desemba 2004, siku ambayo sakafu ya bahari iliinuliwa karibu na Sumatra, na baada ya saa kadhaa maji yakafika Afrika: Somalia walikufa watu wapatao mia tatu, Tanzania zaidi ya kumi, na Kenya, ambako watu waliondolewa fukweni mapema, alikufa mmoja. Tofauti hiyo ya mwisho haikuletwa na wimbi tu. Ililetwa pia na habari iliyofika kwa wakati ikasikilizwa.

Tukirudi sasa kwenye sababu ya pili, ule upande ulio juu ya ardhi, ushahidi wa wazi kupita wote ulitolewa mwaka 2010. Tarehe 12 Januari Haiti ilipigwa na tetemeko la 7.0, na tarehe 27 Februari Chile ikapigwa na la 8.8, lenye nguvu mara 500 kuliko lile. Chile walikufa watu mia tano na kitu. Haiti walikufa zaidi ya laki moja, na serikali yao ilitaja hesabu kubwa mno kuliko hiyo. Ni kweli kwamba Haiti ufa ulikuwa mlangoni mwa mji mkuu. Lakini ni kweli pia kwamba Chile, tangu msiba wa 1960 na hata kabla yake, ilikuwa na sheria ya ujenzi inayofuatwa, na Haiti ilikuwa na zege lenye saruji pungufu na nondo zilizo nyembamba kama kalamu.

Sasa tuitazame nyumba ya Kihaya. Nyumba ya msonge, ambayo babu wa Bukoba aliijenga kwa miti, fito na nyasi toka kileleni hata chini, haikuwa na ukuta wa kuanguka. Ilikuwa kikapu kilichofunikwa, na kikapu kikitikiswa huyumba kisha hutulia. Zikaja fedha za kahawa, zikaja misheni, yakaja matofali ya kuchoma na bati, na watu, kwa haki yao kabisa, wakachagua nyumba isiyovuja, isiyoshika moto kwa cheche, na yenye heshima. Mimi sililii msonge. Aliyelala ndani yake na moshi wa jikoni anajua tulichokikimbia. Lakini katika kuhama kule kilihama kitu kimoja na kimoja kikaachwa: tulichukua tofali, tukaacha mfungo. Ukuta wa matofali ni hodari sana kubeba mzigo unaotoka juu, lakini ukisukumwa ubavuni hauna la kujitetea ila mshikano wa udongo au saruji kati ya tofali na tofali, na pembe za nyumba zilizoshikana. Pale ambapo tofali limelazwa kwa matope, ambapo linta imepita juu ya mlango na dirisha tu badala ya kuizunguka nyumba nzima kama mshipi, na ambapo paa limewekwa juu ya ukuta bila kufungwa, kila ukuta hutikisika kivyake, pembe hufunguka, ukuta wa kipembe cha paa huanguka kwanza, na aliye chini yake ndiye huyo tunayemhesabu kesho yake. Watu walikuwa wakiitumia methali ya ufa na ukuta kwa mambo ya tabia. Wiki zile, huko Bukoba, methali hiyo iligeuka kuwa maneno ya ufundi.

Na si Bukoba peke yake. Toro, Uganda, Machi 1966, walikufa watu kiasi cha 160. Rusizi na Nyamasheke, Rwanda, Jumapili ya tarehe 3 Februari 2008, walikufa zaidi ya 30, wengine wao wakiwa ibadani. Na Kalemie, ng'ambo ya Tanganyika, kuta zilianguka Desemba 2005. Kinyume chake, Subukia nchini Kenya ilipotikiswa mwezi wa Januari 1928 kwa kiasi cha 6.9, hata ardhi ikapasuka kwa makumi ya kilometa, hasara ya watu haikufanana hata kidogo na ukubwa huo, kwa kuwa nchi ilikuwa na watu wachache na kuta za tofali zilikuwa chache zaidi. Likija leo mahali pale pale, halitaikuta Subukia ile. Na usiku wa tarehe 12 Agosti 2020, bahari ya kusini-mashariki ya Dar es Salaam ilitoa tetemeko la 6.0, watu wakateremka ngazi za maghorofa wakiulizana, na asubuhi mji ukaamka mzima. Jambo hilo lilihesabiwa kuwa mzaha katika simu, wakati lilikuwa salamu.

Wengi huuliza kwa nini wataalamu wasituambie siku. Wachina waliwahi kuwaondoa watu wa mji wa Haicheng kabla ya tetemeko la Februari 1975, dunia ikashangilia. Mwaka uliofuata Tangshan ikaangamia na watu laki mbili na zaidi, pasipo onyo lolote lililowafikia. Tangu hapo hapajapatikana njia ya kutaja siku na saa, na anayezitaja, iwe kwa nyota au kwa ujumbe unaozungushwa katika simu baada ya kila mtikisiko, amejipa ilimu asiyokuwa nayo. Kijulikanacho ni mahali: mistari ya ufa imo katika ramani, na iliyovunjika jana itavunjika tena.

Linta ya kuzunguka nyumba, nondo katika pembe nne, saruji ya kutosha katika mchanganyiko, na paa lililofungwa kwenye ukuta: hayo hayazuii nyumba ya kawaida kupata nyufa, ila huwapa wenyewe nafasi ya kutoka. Yanaongeza gharama, sikatai, na fundi aliyezoea kulipwa kwa kazi ya haraka hatayataja mwenyewe. Basi, msomaji unayejenga Kagera, Kigoma, Mbeya, Rukwa, Nakuru au Fort Portal, kabla hujanunua vigae vya sakafu na rangi ya sebule, msimamishe fundi wako penye kona ya nyumba, umwulize linta imepita wapi, wala usimlipe mpaka akuonyeshe.